Kifua cha Mama Mkwe

Kwa miaka ya kwanza ya ndoa yangu, mimi na mama mkwe wangu tulizungumza kupitia kwa mke wangu, hata tulipokuwa tumeketi katika chumba kimoja. Akitaka kujua kama nimeshiba, alimuuliza binti yake kama mgeni ameshiba. Nami nikitaka kushukuru, nilimwambia mke wangu, "Mwambie Mama chakula kilikuwa kizuri," naye Mama, akiwa pale pale anakunja kitambaa cha meza, alitabasamu huku akiangalia kando.

Hapakuwa na chuki yoyote. Ndivyo alivyolelewa. Kwao, mkwe wa kiume na mama wa mke waliheshimiana kwa umbali. Hawakuketi kiti kimoja, hawakubanana mlangoni, na mwanamume hakutia mguu katika chumba anacholala mama huyo. Mimi nilizaliwa Eldoret mjini, nyuma ya duka la wazazi wangu waliohamia huku kutoka mkoa wa kati, na nyumbani kwetu mambo hayo yalikuwa yamelegea zamani. Lakini nilioa kwao, nikafuata ya kwao. Nilizoea, hata nikaupenda ule utaratibu, kwa sababu ulinipa njia ya kuwa na adabu bila kuhitaji maneno mengi.

Kazi yangu, kwa upande mwingine, haina umbali kabisa. Mimi ni afisa wa kliniki katika idara ya dharura ya hospitali moja mjini, na watu huniita daktari kwa sababu ni rahisi. Waliogongana katika ukungu wa Timboroa, walioanguka na pikipiki, waliopigwa teke na ng'ombe wakikama, wote hupitia kwetu, na jambo la kwanza tunalowafanyia ni kuwavua shati. Daktari aliyetufundisha alikuwa akisema kwamba kifua hakisomeki kupitia kwa sweta. Alisimama miguuni pa kitanda, mikono ndani ya mifuko ya koti, akatukataza kumgusa mgonjwa kabla ya kumtazama. Je, pande zote mbili za kifua zinapanda pamoja? Kuna mahali panapoingia ndani wakati kwingine kunatoka nje? Mishipa ya shingo imesimama? Mgonjwa anamaliza sentensi yake, au anaikata katikati ili avute hewa? Mbavu zilizovunjika, alituambia, mara nyingi huuma tu. Kinachoua ni kile kilicho nyuma ya mbavu, na hicho huonekana na mtu mwenye subira ya kutazama.

Nilikuwa nimetazama vifua vingi sana kufikia ile Jumamosi ya msimu wa mavuno.

Shamba la Mama liko upande wa Turbo, ndani kidogo kutoka barabara ya Webuye. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi alipostaafu, na tangu baba mkwe afariki, yeye na kaka ya mke wangu ndio waliolima. Mwaka ule mahindi yalikuwa yamekubali. Magunia yalipangwa kwenye stoo kutoka sakafuni hadi karibu na mabati, na mengine machache yalikuwa bado yameanikwa juu ya turubai uani. Mimi na mke wangu tulikuwa tumekuja kusaidia. Asubuhi ile shemeji na mimi tulikuwa tukigeuza mahindi kwa reki, tukizungumza juu ya bei, naye mke wangu alikuwa jikoni.

Mama aliingia stoo peke yake. Alikuwa na wasiwasi kwamba maji ya mvua yalikuwa yamepenya ukutani na kulowesha magunia ya chini, akataka kuvuta moja ili aangalie. Hakuna aliyemwona akilivuta. Tulichosikia ni kishindo kizito kisicho na mwangwi, halafu kimya, halafu sauti ya mahindi yakimwagika.

Shemeji aliangusha reki akakimbia. Tulimkuta Mama ameketi sakafuni, mgongo ukutani, gunia zima limelala kifuani pake na mengine mawili miguuni. Tuliyaondoa haraka. Nilijaribu kumzuia asisimame, lakini kabla sijampata binti yake amkataze kwa niaba yangu, Mama alikuwa ameshika bega la mwanawe na kuinuka. Alipangusa vumbi kwenye sketi. Akatazama gunia lililopasuka, akasema kwa lugha yao jambo ambalo mke wangu alinieleza baadaye kwamba lilihusu kuku, wasije wakaingia. Kisha akatembea mwenyewe mpaka nyumbani.

Kila mtu alishusha pumzi. Jirani aliyekuwa amesikia kelele alikuja na kusema Mungu ni mkubwa. Chai ikawekwa motoni. Mama aliketi kwenye kiti chake sebuleni, mkono wa kushoto ameubana ubavuni, akawa anapokea pole.

Mimi niliketi upande wa pili wa chumba, mahali pangu pa kawaida, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimtazama bila kuondoa macho.

"Niko sawa," alimwambia jirani. "Ni mshtuko... tu. Hata... sijaumia."

Mama yule alikuwa amefundisha watoto kusoma kwa sauti maisha yake yote. Sentensi zake hazikuwa na nyufa. Nilimngoja aseme tena. "Mwambie huyu... asilie," alisema, akimwonyesha mke wangu, na pale kwenye "huyu" alisimama kuvuta hewa. Nikatazama mabega yake. Yalikuwa yanapanda na kushuka upesi, kama ya mtu aliyekimbia, na alikuwa ameketi.

Nilimwita mke wangu kando, kwenye korido.

"Mama hayuko sawa," nilimwambia. "Anapumua haraka, na hawezi kumaliza maneno. Lazima kifua chake kitazamwe sasa hivi."

"Si umtazame?"

Nilimwangalia tu, naye akaelewa. Alifunika mdomo kwa kiganja.

"Mpeleke chumbani," nikasema. "Umvue blauzi. Mimi nitasimama mlangoni nikiangalia huku nje, nitakuuliza maswali, na wewe utanijibu unachokiona. Usiseme unachofikiri, niambie kile unachokiona."

Mke wangu ni mwalimu kama mama yake. Alifuta macho, akaenda. Jirani naye alikuwa tayari ameleta leso mbili, akitaka kumfunga Mama kifuani kwa nguvu ili mbavu zishikane. Ndivyo walivyofanya watu wengi wa zamani, na kwa nia njema. Nilimwomba azikunje aziweke. "Kifua kikifungwa, kitashindwa kupanuka," nilimweleza. "Yeye sasa anahitaji nafasi ya kupumua." Alizikunja bila ubishi na kuuliza kama angalau anywe chai. Nikamwambia hata chai isubiri, kwa kuwa huenda Mama akahitaji matibabu ambayo hayataki tumbo lenye kitu.

Nilisimama mlangoni pa chumba cha kulala, uso wangu ukielekea kwenye korido. Kitanda kililia Mama alipokikalia.

"Ameketi?" niliuliza.

"Ameketi. Anakataa kulala, anasema akilala anakosa hewa."

"Vizuri, asilale. Simama mbele yake. Angalia kifua chote, usiangalie pale panapouma tu. Akivuta hewa, pande mbili zinapanda sawa?"

Nikasikia Mama akihema.

"Sijui," mke wangu alisema. "Naona kinapanda."

"Weka viganja vyako, kimoja kila upande, chini ya matiti. Uviache hapo aheme. Vinasogea pamoja?"

Aliposema, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Huu wa kulia unasukumwa. Wa kushoto haupandi. Umekaa tu."

Nilifumba macho. "Kuna alama?"

"Kuna michubuko kutoka kwapani mpaka chini ya titi. Imeanza kuwa ya buluu."

"Pitisha vidole polepole juu ya michubuko. Usikandamize. Unasikia nini chini ya ngozi?"

"Inafanya kama..." Alisita. "Kama majani ya mahindi makavu ukiyaminya. Inatatarika. Ni nini hiyo?"

Nilijua ni nini. Ubavu uliovunjika ulikuwa umelitoboa pafu, na hewa ilikuwa ikitoka mahali pake na kutafuta njia, mpaka imefika chini ya ngozi. Hiyo peke yake inaweza kungoja kidogo. Isiyongoja ni ile hewa inayobaki ndani ya kifua bila njia ya kutoka, ikaongezeka kila mgonjwa akivuta pumzi, mpaka inalikunja pafu na kuanza kuusukuma moyo. Kama Mama alikuwa anaelekea huko, nilihitaji kuona shingo yake mwenyewe, na kusikiliza. Maswali ya mlangoni yalikuwa yamefika mwisho.

"Mwambie Mama," nilisema, nikiwa bado nimewapa mgongo, "kwamba naomba ruhusa nigeuke."

Mke wangu alimwambia kwa lugha yao. Sikuelewa yote, lakini nilisikia neno la heshima, na neno la kifo. Mama alivuta pumzi mara mbili. Nadhani alikuwa anatafuta hewa ya kutosha. Kisha akajibu kwa Kiswahili, na hakumwambia binti yake. Alinijibu mimi.

"Geuka. Aibu... nitaona... nikipona."

Niligeuka. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, jasho limemtoka juu ya mdomo. Alikuwa ameelekeza uso dirishani. Nilipiga magoti mbele yake. Mishipa ya shingo haikuwa imesimama bado, na koo lilikuwa limenyooka katikati. Mpigo wa moyo chini ya vidole vyangu ulikuwa wa kasi lakini wenye nguvu. Nilikuwa nimeacha kifaa changu cha kusikilizia kazini, basi nikamwomba mke wangu amfunike mama yake leso mgongoni, nikaweka sikio langu juu ya ile leso. Upande wa kulia nilisikia hewa ikiingia kama upepo kwenye nyasi. Upande wa kushoto sikusikia kitu. Niligonga kwa kidole, nao ukalia kama debe tupu.

"Mama," nikasema, moja kwa moja, "pafu la kushoto limetobolewa. Inatibika. Lakini tunaenda hospitali sasa, na njiani nitakuwa karibu na wewe sana. Unisamehe."

Aliitikia kwa kichwa.

Shemeji alileta pikapu ya milango minne mpaka barazani. Tulimketisha Mama kiti cha nyuma, nusu ameegemea, mke wangu upande mmoja na mimi upande mwingine. Nilimpigia mwenzangu wa zamu hospitalini na kumweleza. Yeye akasema ambulensi itatoka Eldoret kutukuta. Halafu nikampigia nesi wa kituo cha afya kilicho njiani, mwanamke ninayemfahamu kwa sababu wagonjwa wake wengi huishia kwetu. Nilimuuliza kama ana kanula nene, ile sindano yenye mrija laini, na oksijeni. Alisema anazo, na kwamba atafungua geti.

Barabara ya ndani ilikuwa na mashimo, na kila shimo lilimkunja Mama uso. Shemeji aliendesha kwa upole uliotutesa sote. Tulipopita shule aliyofundisha, Mama alianza kutapatapa. Alitaka kufungua mlango. Alimwita binti yake kwa jina la dada yake yeye Mama, aliyefariki. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa rangi ya majivu. Nilitazama shingo yake, na sasa mishipa ilikuwa imesimama kama kamba. Nilishika mkono: mpigo ulikuwa umekuwa mwembamba, unakimbia.

"Ongeza mwendo," nilimwambia shemeji.

"Si atatikisika?"

"Acha atikisike."

Mama aliegemeza kichwa begani pangu. Sidhani alijua ni bega la nani. Mke wangu alikuwa akiomba kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa nikihesabu moyoni nafasi za mbavu, ya kwanza, ya pili, nikiwa kama mwanafunzi usiku wa kuamkia mtihani. Nilikuwa nimewahi kuifanya kazi ile kwa watu wengine. Sikuwa nimewahi kuifanya kwa mtu ambaye ningekutana na macho yake mezani Krismasi.

Nesi alikuwa getini na kiti cha magurudumu. Hatukumlaza Mama. Tulimwingiza akiwa ameketi, nesi akamvalisha barakoa ya oksijeni, akaweka kanula mkononi mwangu kabla sijaiomba. Kisha akanitazama usoni.

"Ni nani wako?" aliuliza.

"Mama wa mke wangu."

"Nifanye mimi, ama utafanya?"

Lilikuwa swali la haki. Nilimpenda kwa kuliuliza. Nilitazama mikono yangu na kuiona imetulia kuliko mimi mwenyewe.

"Nitafanya. Wewe simama upande huu, na ukiona nimekosea mahali, niambie."

Alipangusa ngozi kwa spiriti. Nilitafuta mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa chini ya shingo, nikafika katikati yake, nikateremka mpaka nafasi ya pili ya mbavu. Nesi aliangalia kidole changu, akasema, "Ni hapo." Nikapitisha sindano juu ya ukingo wa ubavu wa chini, polepole, mpaka kizuizi kikaachia.

Hewa ilitoka kwa sauti, kama mtu anayetoa upepo kwenye tairi la baiskeli. Iliendelea kutoka. Chumba kizima kiliisikiliza. Nilichomoa sindano na kuuacha ule mrija laini ndani, nesi akaubandika plasta. Nilihisi mpigo wa mkono wa Mama ukirudi kidogo kidogo, kama mtu anayekaribia kutoka mbali, na mishipa ya shingo ikalala.

Mama alifungua macho. Alitutazama mmoja mmoja, akamfikia nesi.

"Mbona kila mtu ananiangalia hivyo?" alisema.

Ilikuwa sentensi nzima. Mke wangu aliketi sakafuni pale pale na kulia, na nesi akamwambia, "Lia tu, sasa inaruhusiwa."

Ambulensi ilifika tukiwa bado pale. Hospitalini wenzangu walinitoa nje ya pazia na kufanya kazi yao. Eksirei ilionyesha mbavu kadhaa zilizovunjika na pafu lililojikunja. Waliingiza mpira ubavuni, wakauunganisha na chupa yenye maji sakafuni, na povu likaanza kutoka majini kila Mama alipopumua. Nilisimama kwenye korido ambako huwa nawaambia ndugu za wagonjwa wasubiri, nikagundua kwamba kiti cha pale ni kibaya sana kukalia.

Alikaa wodini mpaka povu likaisha na pafu likafunguka. Siku za kwanza hakunisemesha. Nilipopita kumwona kabla ya zamu, aliangalia ukuta, nami niliongea na mke wangu kama zamani. Nilidhani tumerudi tulipokuwa, na nilikuwa tayari kuridhika hivyo. Mtu akiwa hai, mengine ni nyongeza.

Kisha asubuhi moja nilimkuta peke yake. Mke wangu alikuwa ameenda shule. Nilisimama miguuni pa kitanda, sijui niongee na nani. Nikaangalia chupa. Nikaangalia dirisha.

"Daktari," alisema Mama.

"Ndiyo, Mama."

"Hiyo maji inatoa povu, ni pumzi yangu?"

"Ni hewa iliyokuwa imenaswa ndani. Ikiacha kutoa povu, tunafurahi."

Alifikiri. "Ulijuaje? Mimi mwenyewe sikujua. Nilikuwa nasikia uchungu, lakini nilidhani ni wa kawaida. Nilikuwa nataka chai."

Nikaketi, kwenye kiti kilicho kando ya kitanda, na tukaongea. Nilimweleza juu ya sentensi zake zilizokuwa zinakatika. Nilimweleza juu ya mabega, na juu ya viganja vya binti yake ambavyo kimoja kilisukumwa na kingine kikabaki. Alisikiliza kama mwalimu anayekagua somo la mwenzake. Mara mbili alinisimamisha nirudie. Mwishoni akasema, "Hayo ni mambo ambayo hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuona."

"Kuona, ndiyo," nikasema. "Kutibu ndiyo shida."

"Mimi sijasema kutibu."

Sikujua wakati ule kwamba alikuwa tayari ameanza kupanga.

Alipotolewa hospitalini, alikuja kukaa kwetu, upande wa Chepkoilel, hadi apate nguvu. Nyumba yetu ni ndogo. Choo ni kimoja na korido ni nyembamba, na hakuna namna ya watu wawili kutobanana mlangoni. Wiki ya kwanza alikuwa akibisha ndani ya chumba chake mwenyewe kabla ya kutoka, ili nipate nafasi ya kuondoka njiani. Baadaye akaacha kubisha. Jioni alifanya mazoezi ya kuvuta pumzi ndefu aliyopewa, ameketi wima, nami nikikata sukuma wiki jikoni nilimsikia akijihesabia kwa sauti ya darasani. Kuna siku aliniita nije nisikilize kama anavuta vizuri. Nikaenda na kifaa changu cha kusikilizia. Kushoto, hewa ilikuwa inaingia.

"Inaingia?" aliuliza.

"Inaingia mpaka chini."

"Basi," akasema, na akarudi kuhesabu.

Aliporudi Turbo, alinipigia simu yeye mwenyewe, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya tangu nioe. Alisema akina mama wa kanisa lake wangependa niwatembelee Jumapili baada ya ibada, niwaeleze mambo ya kifua. Nilimuuliza kama wao ndio wanaopenda ama ni yeye. Akasema nije na nguo safi.

Nilifika. Ukumbi ulikuwa umejaa kuliko nilivyotarajia, na wanaume kadhaa walikuwa wamesimama nyuma wakijifanya wanangoja wake zao. Nilianza kueleza, na baada ya dakika chache niliona macho ya watu yameanza kuteleza. Mama aliinuka kutoka safu ya mbele.

"Ngoja, Daktari," alisema. "Wacha mimi nifundishe, wewe urekebishe."

Aliwapanga wawili wawili, wanawake kwa wanawake na wale wanaume huko nyuma, ambao hawakupata pa kujificha. Kila mmoja aliweka viganja mgongoni mwa mwenzake, juu ya nguo, na kuhisi pande zote mbili zikisogea. "Mjue kwanza aliye mzima," aliwaambia. "Usipojua mzima, utajuaje mgonjwa?" Kisha akawaambia mgonjwa aongeleshwe, waone kama anamaliza sentensi. Wamwache aketi anavyopenda. Wasimfunge, wasimlishe, wasingoje waone kama uchungu utapungua. "Na mpige simu mkiwa njiani," akaongeza, "si baada ya chai." Watu wakacheka, kwa kuwa habari za ile chai zilikuwa zimeenea. Sikuwa na la kurekebisha ila moja: kwamba kama kuna kidonda kilichochimba mpaka ndani, kitu kilichochomeka kisitolewe. Alilirudia kwa sauti kubwa, mara mbili, kama anaandika ubaoni.

Mvua za kupanda zilikuwa zimeanza nilipopigiwa simu nikiwa kazini. Ilikuwa ile sauti ya jirani wa leso.

"Daktari, tuko na mtu hapa. Alikuwa amebeba maziwa kwa pikipiki, akateleza kwenye matope, usukani ukamgonga kifua. Anaongea nusu nusu. Upande wa kulia haupandi. Tumemketisha, hatujamfunga, hajakula kitu. Tuko kwa gari tayari."

Nilimuuliza shingo iko vipi. Akasema, "Ngoja," na nikasikia gari likinguruma na mtu akiambiwa ainue kidevu. "Mishipa haijasimama," akasema. "Koo iko katikati."

Nikamwambia wapitie kwa nesi kwanza, nami nikampigia nesi. Halafu nikatoka kuandaa kitanda.

Yule mwanamume alifika akiwa anapumua kwa taabu lakini ana fahamu, na mpira uliingizwa ubavuni pake kabla hali haijaharibika. Alikuwa baba wa watoto wadogo, mtu mwenye mikono mikubwa na sauti nyembamba, na alichouliza kwanza ni kama maziwa yote yalimwagika.

Wiki ile Mama alikuja mjini. Alisema anakuja kununua mbegu, lakini alishukia hospitalini, amevaa sweta yake ya kanisani na kubeba chupa ya uji. Hakuwa anamjua yule mtu. Nilimwongoza hadi wodini, tukipita kwenye ile korido bega kwa bega. Alivuta kiti, akaketi, akamtazama mgonjwa kifua kwa muda mrefu, mpaka maskini yule akavuta shuka juu.

"Unaogopa kukohoa," Mama akamwambia.

"Inauma, Mama. Nikikohoa ni kama natobolewa tena."

"Najua. Lakini usipokohoa utashikwa na homa ya mapafu." Akachukua mto uliokuwa miguuni pa kitanda, akaukunja mara mbili, akamkabidhi. "Ukumbatie hivi, upande wa uchungu. Kaza mkono. Haya, sasa kohoa."

Akakohoa, uso umemkunjamana, mto umembana. Mama akamtazama hadi amalize.

"Tena," akasema. "Hiyo ilikuwa ya mtoto."

Nilikuwa na wagonjwa wengine. Niliwaacha pale, yeye akimmiminia uji.